Ringi ya Gunia na Ufagio wa Libérat

Msimu wa mavuno ya mpunga, mji mzima wa Sange hupiga chafya. Vumbi la pumba hutoka kwenye kinu cha kukoboa, huvuka barabara kuu, huingia madukani na kanisani, na mwishowe hutua kwenye sahani za watu. Wageni hushangaa na kufunika pua. Wenyeji hupangusa macho na kuendelea na mazungumzo yao.

Délice, msichana wa miaka kumi na miwili, alilijua vumbi hilo kuliko mtu yeyote wa darasa lake la sita. Kila asubuhi alisimama nyuma ya kinu na kushika mdomo wa gunia kwa mikono miwili, huku mama yake, Mama Louise, akichota mchele kwa beseni na kumimina. Kazi hiyo ilitaka watu wawili, upende usipende. Gunia tupu halina mifupa. Ukiliacha linajikunja na kulala chini, na mchele unakwenda kwa kuku. Zamani aliyeshika alikuwa mama mdogo Laure. Laure aliolewa akahamia mji wa Baraka, na nafasi yake akaachiwa Délice.

"Panua mudomo ya gunia, mutoto," alisema Mama Louise. "Weye unalala?"

"Silali, Mama. Macho iko inawasha."

"Vumilia. Imebakia gunia tano tu."

Gunia tano maana yake somo la hesabu lingekwisha Délice akiwa bado kinuni. Na hapo ndipo penye shida yenyewe. Mwisho wa mwaka kulikuwa na mtihani wa taifa, na mkurugenzi wa shule alikuwa ametangaza mbele ya wazazi wote: mwanafunzi atakayekosa zaidi ya asubuhi kumi hataandikwa kwenye orodha ya mtihani. Délice, pamoja na asubuhi hiyo, alikuwa amekwisha kukosa nane. Alitaka kwenda sekondari kwa moyo wake wote.

Mama Louise aliijua shida hiyo. Lakini mwenye kinu alimlipa kwa chenga za mchele, na chenga hizo ndizo walizokula nyumbani wakati baba yake Délice akishinda shambani kufukuza ndege. Asiyejaza magunia hali, mambo ni hayo tu.

Sasa, pale shuleni, karibu na choo, palikuwa na kifaa cha kunawia mikono kilicholetwa wakati wa kipindupindu. Kilikuwa na miguu mitatu ya chuma, na juu yake duara lililoshika ndoo. Siku hiyo ya gunia tano, Délice alikuwa ananawa, akaitazama ile ndoo jinsi ilivyokaa imara, mdomo wazi. Akasahau kuondoa mikono majini.

"Unaoga?" aliuliza rafiki yake Olga, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni.

"Olga, hii ndoo nani anaishika?"

"Hakuna mutu. Uko mugonjwa?"

Délice hakuwa mgonjwa. Jioni hiyo alikwenda moja kwa moja kwa Papa Gédéon, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye karakana yake ilitazamana na kinu. Alichukua kijiti, akachora ardhini miguu mitatu na duara, na chini ya duara akachora gunia linaloning'inia.

Papa Gédéon alicheka kwanza, kwa sababu yeye hucheka kwanza kwa kila jambo. Kisha akakuna ndevu, akaanza kupekua rundo lake la vyuma. Ringi ya baiskeli ya mtu mzima ilikuwa pana mno, gunia halikuizunguka. Ringi ya baiskeli ya mtoto ilitoshea barabara. Akaichomelea miguu mitatu mirefu, ikafika kifuani mwa Délice.

"Chuma iko tayari," alisema, "lakini kazi haijaisha. Gunia inapita ndani ya ringi, tunakunja mudomo yake inje, kisha tunaibana na mukanda ya mpira, ile ya ndani ya gurudumu ya pikipiki. Nitaikata juma hii. Ngojea minye."

Asubuhi iliyofuata ikaja habari kwamba kaka yake Papa Gédéon amelazwa hospitalini Luvungi. Fundi akafunga karakana, akaondoka. Ringi, aliyokuwa amekwisha kumpa Délice, ikabaki nyuma ya kinu na miguu yake mitatu, na Délice akabaki na asubuhi zake nane.

Alingoja siku hiyo moja, Jumapili isiyo na masomo. Siku ya pili alichukua misumari minne, akaipitisha kwenye matundu ya ringi yanakoingia spoki, akaikunja ncha juu kwa jiwe. Akatundika mdomo wa gunia kwenye misumari hiyo. Gunia likasimama wazi, bila mtu kulishika.

Mama Louise alimimina beseni la kwanza kwa wasiwasi, la pili kwa mshangao, na la tatu akicheka. Wanawake wengine wa kinuni waliacha nyungo zao wakaja kutazama.

"Louise sasa iko na mutoto wa chuma," alisema mmoja wao. "Hakuli, hasinzii, hapigi chafya."

"Nenda," Mama Louise alimwambia Délice. "Nenda masomo mbele kengele ilie. Uniache na huyu mutoto wangu mupya."

Délice alikimbia. Aliingia darasani kabla hata mwalimu hajaandika tarehe ubaoni, na furaha yake siku hiyo haikuwa na mfano.

Siku ya tatu, kabla ya kwenda shule, alimsaidia mama yake kushusha gunia lililojaa. Akaona matundu manne chini kidogo ya mdomo wa gunia, kila moja pale msumari ulipokuwa. Uzito wa mchele ulikuwa umeyavuta kidogo. Punje tatu zilianguka kwenye kidole chake cha mguu.

Mama Louise alikuwa amekwisha tia uzi kwenye sindano kubwa ya kushonea magunia. Ukikusanya mdomo wa gunia kwa kushona, matundu yale yalijificha kwenye mikunjo, huwezi kuyaona.

"Iko muzuri hapo?" aliuliza.

Délice alizitazama zile punje tatu. Akaiwaza namba nane. Tundu lenyewe dogo, alijiambia. Hata njugu haipiti.

"Iko muzuri, Mama," alijibu, akashika mfuko wake wa madaftari.

Maneno hayo aliyasema siku hiyo kwa shida. Siku ya nne aliyasema kwa urahisi zaidi, na wiki ya pili aliyasema bila hata kugeuza kichwa. Ringi ilipendwa, mwalimu alimsifu kwa kuwahi, na kila Ijumaa magunia yalipakiwa kwenye lori, ambalo watu wa Sange huliita kamyo, yakaenda bandarini Kalundu kupanda boti.

Jumatatu ya wiki ya tatu Olga alikuja shuleni na macho mekundu. Hakucheza wakati wa mapumziko. Délice alimkuta amekaa peke yake nyuma ya darasa.

"Yaya Libérat wamemufukuza kazi," alisema Olga.

Libérat alikuwa kaka mkubwa wa Olga, ndiyo maana alimwita yaya, na alikuwa mbebaji wa mizigo pale Kalundu. Alikuwa kijana mrefu mwenye sauti ya kwaya, ambaye kila sikukuu alirudi Sange na samaki wa kukausha kwa ajili ya nyanya yao.

"Juu ya nini?"

"Juu ya ufagio."

Ikabidi aeleze. Wabebaji wa Kalundu wana desturi yao. Lori likishapakuliwa, mchele uliomwagika sakafuni hufagiwa, na aliye na zamu ya ufagio siku hiyo huupeleka nyumbani. Kwa kawaida haujazi hata kikombe. Lakini Ijumaa mbili mfululizo magunia kutoka Sange yalikuwa yamevuja, na Ijumaa ya mwisho sakafu ilitoa beseni zima. Zamu ilikuwa ya Libérat. Kapita, yaani msimamizi wa wabebaji, alikagua magunia, akakuta matundu ya mviringo, kama ya msumari.

"Wanasema njo yeye alitoboa, apate kujaza ufagio yake," Olga alisema. "Délice, weye unamujua yaya. Anaweza kuiba?"

"Hapana," alisema Délice. "Hawezi."

Alipaswa kuendelea. Sentensi ya pili ilikuwa tayari mdomoni. Lakini kengele ililia, Olga akainuka akifuta pua kwa mkono wa shati, na Délice akamfuata darasani bila kuisema, akijichukia. Mwalimu aliuliza saba mara tisa. Délice, aliyekuwa akilijua jibu tangu darasa la tatu, alijibu nane.

Mchana alirudi kinuni. Mama Louise alikuwa anafagia uani, kazi imekwisha. Délice hakuweka mfuko wake chini. Alichukua gunia tupu, akalitundika kwenye ringi, akalivuta kwa nguvu kuelekea chini kama mchele unavyolivuta. Kisha akalitoa, akamletea mama yake.

"Tazama, Mama."

Mama Louise alilielekeza gunia kwenye mwanga. Jua lilipita katika matundu manne.

"Haya njo inavuja ku Kalundu," Délice alisema, na machozi yakaanza. "Wamefukuza Libérat wa kwao Olga. Wanamuita mwizi. Hakutoboa yeye. Ni misumari yangu."

Mama Louise alikaa juu ya beseni lililopinduliwa. Hakupaza sauti, na hilo lilimwogopesha Délice kuliko kelele.

"Toka lini unajua?"

"Toka siku ya tatu."

"Na kila siku nilikuuliza, iko muzuri?"

"Ndiyo, Mama."

"Na Papa Gédéon alisema ngojea mpira."

"Ndiyo."

Alikuwa ana hasira, na alikuwa anamhurumia mtoto wake, na vyote viwili vilionekana usoni pake. Mwishowe alinyoosha mkono, akang'oa misumari minne kutoka kwenye ringi mmoja baada ya mwingine, akaifunga kwenye ncha ya kitenge chake.

"Kesho asubuhi tunapanda kamyo," alisema. "Utayasema hayo mbele ya ule kapita."

"Kesho ni masomo, Mama. Itakuwa asubuhi ya tisa."

"Najua kuhesabu."

Waliondoka mapema, wamekaa juu ya mihogo ya watu, ringi ikiwa katikati yao. Walipita Kavimvira, ambako wabadilisha fedha walikuwa wanafungua meza zao, wakapita mji wa Uvira, ziwa likiwa kushoto kwao muda wote. Délice alizoea kuimba akiona ziwa. Siku hiyo hakuimba.

Kapita wa wabebaji alikuwa mzee mfupi mwenye kofia ya sufu, aliyeitwa Papa Nzeyimana. Alikuwa ghalani Kalundu pamoja na Mama Anne-Marie, mfanyabiashara wa mchele, mwenye magunia yenyewe. Libérat alikuwa mbali kidogo, ameketi juu ya kamba za boti. Alikuja kila siku, walisema baadaye, ingawa hakuna aliyempa mzigo, kwa sababu hakutaka watu waseme amekimbia.

Délice aliwaamkia. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi kapita ainame.

"Papa, gunia hazikutobolewa hapa. Minye nilizitoboa, kule Sange."

Mama Anne-Marie aliweka mikono kiunoni. "Weye? Na nini?"

Délice alisimamisha ringi. Mama Louise akafungua ncha ya kitenge, na Délice akairudisha misumari kwenye matundu yake. Kisha akaomba gunia moja kati ya yale yaliyovuja. Kapita alilileta mwenyewe, akalifumua uzi, akapunguza mchele. Walipolitundika, kila tundu liliingia kwenye msumari wake, manne kwa manne, kama vifungo vya shati.

Wakaleta jingine. Likaingia vilevile. La tatu kapita hakulitundika. Alivua kofia yake, akaikunja, akaivaa tena.

"Libérat," aliita. "Kuja hapa."

Libérat alikuja polepole. Alipofika, Délice alimsogelea.

"Unisamehe, yaya," alisema. "Nilijua gunia iko na tundu. Nikanyamaza."

"Uliogopa nini?" aliuliza Libérat.

"Kurudi kushika gunia. Nisiandikwe ku mutihani."

Libérat aliitazama ringi, akaizungusha kwa kidole. Alikuwa amepitisha siku nne akiitwa mwizi na watu aliokula nao, na siku nne hizo hazikufutika usoni pake mara moja.

"Minye pia sikufika ku mutihani," alisema mwishowe. "Naelewa ile woga. Lakini ulinifanyia vibaya, Délice."

"Ndiyo, yaya."

"Sawa. Umekuja mwenyewe. Nimekusamehe."

Kapita naye alikohoa, akasema kwamba na yeye alihukumu haraka, na mtu asiyekagua mdomo wa gunia zote hana haki ya kumfukuza mtu. Akamrudishia Libérat kitambaa chake cha kubebea mizigo mbele ya wenzake wote, kwa sababu mbele yao ndipo alipomnyang'anya. Mama Anne-Marie alisema ataendelea kununua mchele wa kinu kile, ila kila gunia atalikagua mdomo, na akamtazama Délice aliposema hivyo.

Sasa ringi haikuwa na misumari, na bila kitu cha kubana gunia ilikuwa chuma tu. Jumatano asubuhi Délice alirudi kushika mdomo wa gunia. Aliushika vizuri, hakulalamika macho. Hiyo ilikuwa asubuhi ya kumi. Kukosa moja zaidi, jina lake lingetoka.

Alimweleza Olga kila kitu siku hiyohiyo. Olga hakuongea naye hadi mwisho wa masomo. Halafu, wakati wa kutoka, alimsogelea, akasema, "Kesho nitaamka mapema. Tutashika wawili, itaenda mbio." Délice akamshika mkono.

Haikuhitajika. Jioni ile taa ya karakana ya Papa Gédéon iliwaka. Kaka yake alikuwa amepona, naye alikuwa amerudi na kicheko chake. Alipoonyeshwa misumari hakucheka.

"Nilisema ngojea," alisema. "Weye ulisikia chuma iko tayari, ukafunga masikio."

Ingawa alikuwa amechoka na safari, alikata mkanda wa mpira papo hapo. Kwenye ncha zake alifunga mkono wa breki ya baiskeli, ule wa kubana kwa vidole. Ukiubana na kuutia kitanzi cha waya, mkanda unakaza gunia kwenye ringi; ukikitoa kitanzi, gunia linashuka zima, bila tundu. Chini, kati ya miguu, aliweka ubao wa kukalishia gunia, ili mpira usibebe uzito wote. Délice alishika taa, na safari hii alingoja hadi fundi mwenyewe aliposema kazi imeisha.

Alhamisi Mama Louise alijaza magunia kumi na mawili peke yake. Délice alifika shuleni kabla ya kengele, na mwisho wa mwezi orodha ilipobandikwa mlangoni, jina lake lilikuwa la tatu kutoka chini. Aliligusa kwa kidole kuhakikisha.

Siku ya mtihani alipita kinuni kumuaga mama yake. Lori lililorudi kutoka Kalundu lilikuwa limesimama, na dereva alimwita kwa mkono.

"Weye njo Délice? Libérat anakutumia hii."

Ilikuwa karatasi iliyokunjwa mara nne. Délice aliifungua kwa uangalifu. Ndani mlikuwa na vumbi kidogo na nyoya moja la kuku.

"Anasema hii njo yote alifagia ku kamyo ya Ijumaa," alisema dereva. "Hakuna ata punje moja. Anasema umeshindisha ufagio yake njaa."

Wanawake wa kinuni walicheka mpaka wakashika mbavu. Délice alicheka nao, kisha macho yakamlowa, na safari hii haikuwa pumba.

Mama Louise aliichukua ile karatasi, akaikunja tena, akaiweka kwenye mfuko wa shati la shule la binti yake.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Tundu haikuwa kosa kubwa. Kila mutu anatoboa gunia siku moja. Kama ungesema ile siku ya tatu, tungeshona, tukacheka, ikaisha. Lakini ulisema iko muzuri na macho yako imeona, na yule aliyelipa alikuwa Libérat. Leo ku mutihani, kama hujui kitu, uache fasi wazi. Usiandike uongo ili tu kujaza."

"Nimesikia, Mama."

Mama Louise aligeukia ringi, akabana breki, gunia likasimama na mdomo wazi. Kabla ya kumimina beseni la kwanza, alipitisha mkono kuzunguka ukingo wote, polepole. Akasimama mahali pamoja.

"Hii iko na mupasuko," alisema kwa sauti ya kusikika na kila mtu. Akalitoa gunia, akaliweka kando, na kuchukua jingine.

Délice akaona hilo, akashika njia ya shule.